Mowa Iliyokaa Kiangazi Kizima: Namna ya Kuiwasha Masika Yakianza

Mvua za masika zikishanyesha wiki mbili hapa Matsangoni, pwani ya Kenya, nyasi za Pemba zilizokuwa kahawia tangu Januari zinaanza kufunika kifundo cha mguu. Ndio wakati mashine za kukata nyasi zinapotolewa stoo, kuanzia Tezo hadi Gede: kwenye nyumba za likizo za Uyombo na Watamu, hotelini, makanisani, na kwenye shule chache zilizobahatika kuwa na mashine badala ya kuwagawia wanafunzi mafyekeo. Na ndio wakati nyingi kati yake zinapokataa kuwaka. Kamba inavutwa mpaka bega linauma, kisha anapigiwa simu fundi wa bodaboda, naye akifika anatandika gunia chini na kuanza kufungua kila chenye nati.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeishika hiyo kamba, uwe mwenye nyumba au mtunza bustani ambaye tajiri wake yuko Nairobi au Milano na anataka kukuta uwanja umekatwa Ijumaa. Neno langu kubwa ni hili: mowa iliyozimwa Desemba ikiwa nzima, ikakataa kuwaka Aprili, mara nyingi haijaharibika. Kilichoharibika ni petroli iliyoachwa ndani. Anza hapo, na usiguse nati ya injini kabla ya kumalizana na petroli.

Kitabu kinachokuja na mashine kinalijua jambo hili, ila kinalisema kwa hali ya hewa ya kwao. Kinakuambia umwage petroli kabla ya majira ya baridi. Mtu wa pwani anaupita ukurasa huo mbio, kwani huku baridi iko wapi? Lakini kinachoiua petroli ni kukaa. Mashine ya Marekani inakaa wakati wa theluji. Yetu inakaa wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, nyasi zinapoacha kukua. Kwa hiyo kila kitabu kinaposema baridi, wewe soma kiangazi. Tena kiangazi chetu ni kikali zaidi kwa petroli, kwa sababu stoo ya mabati inachemka mchana kutwa, na sehemu nyepesi za petroli, zile zinazoshika moto upesi, ndizo zinazotangulia kuvukiza. Kinachobaki ni kioevu kinachonata ambacho cheche haikishiki kwa urahisi. Kampuni ya Briggs & Stratton, ambayo injini zake zimo kwenye mowa nyingi sana duniani, inashauri petroli isitumike ikishapita siku 30. Wewe unataka kuwasha kwa petroli ya kabla ya Krismasi.

Kabla ya kushika spana

Kuna mambo ya kutazama kwa macho tu, na ni aibu kumwita fundi kwa ajili yake. Mowa za kusukuma zina chuma cha pili kwenye mkono, ambacho lazima kibanwe pamoja na mkono ndipo mashine iwake. Ukikiachia, injini inazima na kisu kinasimama. Si hila ya mtengenezaji. Tangu 1982 sheria ya Marekani inataka kisu cha mowa za aina hii kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mkono. Mtu aliyeazima mashine kwa jirani anavuta kamba chuma hicho kikiwa kimeachwa, na hata akivuta mpaka magharibi haitawaka. Usikifunge kwa kamba ya mnazi ili kijishikilie chenyewe, kama nilivyoona pahali pengi. Kisu kinachoendelea kuzunguka mtu akiwa ameteleza kwenye nyasi za maji hukata vidole vya mguu.

Tazama pia kama bomba la petroli limefunguliwa. Honda nyingi zina swichi ndogo chini ya tangi. Tazama choki: injini ikiwa baridi inafungwa, ikishawaka inafunguliwa. Kama yako haina choki, huenda ina kipira laini ubavuni. Kibonyeze mara 3 kisha uvute kamba. Kipira hicho kikiwa kimepasuka au hakirudi ukikibonyeza, umeshapata ugonjwa, na ni kitu cha bei ndogo.

Waya wa plagi uwe umeketi vizuri juu ya plagi. Na kila utakapotaka kuinamisha mashine au kupitisha mkono chini yake, uchomoe kwanza waya huo na uuweke mbali. Kisu kikizungushwa kwa mkono kinazungusha injini, na injini iliyokataa kuwaka asubuhi nzima inaweza kuwaka wakati huo.

Petroli

Fungua tangi unuse. Petroli nzima ina harufu kali inayopanda puani. Iliyochacha harufu yake ni ya rangi ya zamani, kama kopo la vanishi lililosahauliwa, na rangi yake imekolea. Kama huna hakika, usijadiliane nayo: itoe yote. Mwaga kwenye chombo, au chomoa mpira unaotoka tangini uuelekeze kwenye debe. Usinyonye kwa mdomo. Najua ni desturi yetu, kila mwenye pikipiki amewahi kufanya, lakini tone moja la petroli likiingia mapafuni linaweza kumlaza mtu hospitali.

Unapoimimina, tumia chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, uiache itulie kisha uitazame kwenye jua. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari unaoyatenga. Maji hayo hayakutoka kisimani. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na tangi lililoachwa nusu linaupumua kila usiku joto linapopungua, nao unageuka matone ndani yake. Ikiwa unaona maji kwenye chupa, ujue yako pia ndani ya kabureta.

Kisha kuna suala la petroli uliyoinunua. Kituo cha mafuta kikiwa mbali, mtu huchukua ile ya chupa kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, na hapo hujui imechanganywa na nini. Mafuta ya taa yamekuwa yakiongezwa kwenye petroli na dizeli nchini Kenya kwa miaka mingi kwa sababu yalikuwa na bei ya chini, hata 2018 serikali ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchanganyaji akose faida. Ushuru ulisaidia. Chupa ya kando ya njia, hata hivyo, inabaki kuwa chupa ya kando ya njia. Jaribio lake ni rahisi: dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe, uiweke kivulini. Petroli safi inakauka baada ya muda mfupi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Wako pia wanaojaza mtungi mkubwa kabla ya tarehe 14, siku ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya za kila mwezi. Kwa mwenye bodaboda anayechoma petroli kutwa, hesabu hiyo ina maana. Kwa mashine ya nyasi ni kununua tatizo la mwezi wa pili. Nunua lita unazoweza kumaliza.

Ukishamwaga ya zamani, tia mpya kidogo, nusu lita inatosha, ujaribu. Zikitokea dalili za uhai, kama kukohoa au moshi mdogo, endelea kidogo. Kama kimya, usiendelee kuvuta. Iache ijibu swali moja: je, ni petroli isiyofika, au ni cheche isiyokuwepo? Chomoa plagi, mimina petroli mpya chini ya nusu kijiko cha chai kwenye tundu lake, rudisha plagi na waya, pangusa iliyomwagika, kisha vuta. Ikishika moto sekunde chache na kuzima, injini ni nzima, cheche ipo, na ugonjwa uko kati ya tangi na silinda. Nenda kwenye kabureta. Isipotikisika kabisa, ruka sehemu inayofuata uende kwenye plagi.

Haya yote yafanyike nje, mbali na jiko la makaa na mbali na mwenye sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini.

Kabureta

Hapa ndipo mowa nyingi za kiangazi zinapoponea, na ni kazi ya kukaa kwenye kigoda chini ya mwembe kwa saa moja, usiwe na haraka. Kabureta iko nyuma ya boksi la filta ya hewa. Chini yake kuna kikombe cha chuma kilichoshikwa na bolti moja. Funga bomba la petroli, weka bakuli chini, fungua bolti hiyo.

Tazama kilichomo kabla ya kufuta. Ukikuta ute wa rangi ya chai, petroli imeganda. Ukikuta unga mweupe unaosugulika kama chokaa, maji yamekaa humo na kula madini ya kikombe. Huku kwetu utakuta vyote viwili mara nyingi. Ndani kuna boya dogo linaloelea, ambalo likipanda linasukuma sindano kuziba njia ya petroli. Ligeuze uone kama sindano inateremka yenyewe. Ikiwa imeganda juu, petroli haishuki na kikombe utakikuta kikavu. Ikiwa haizibi, petroli inafurika, inatiririka chini ya mashine au inalowesha filta. Litikise boya sikioni: ukisikia petroli ndani, limetoboka na halina kazi tena.

Sasa jeti. Ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba sana, na petroli yote inayochomwa na injini inapita hapo. Kwenye Briggs & Stratton nyingi hakuna haja ya kuitafuta mbali, kwa sababu bolti uliyofungua chini ya kikombe ndiyo jeti yenyewe. Ishike uielekeze kwenye mwanga, uone tundu lake la katikati na vitundu vya ubavuni. Usipoona mwanga upande wa pili, imeziba. Chukua waya laini wa umeme, ule wenye nyuzi nyingi za shaba, umenye uchomoe uzi mmoja, upitishe taratibu. Usitumie chelewa. Ni nene, na ikikatikia ndani umejiongezea kazi. Sindano ya kushonea nayo inapanua tundu, na mashine yenye jeti iliyopanuliwa hula petroli na kutoa moshi mweusi mpaka ununue jeti nyingine.

Vijia vilivyobaki ndani ya kabureta vinasafishwa kwa petroli safi na upepo. Hapo stendi ya Matsangoni, kama zilivyo stendi zote za barabara hii, hukosi mtu wa kuziba pancha mwenye mashine ya upepo. Mpelekee kabureta iliyofunguliwa, umwombe apulize kila tundu. Kwanza toa boya, sindano na vipira vyote, la sivyo upepo utavirusha kwenye mchanga na hutaviona tena.

Kikombe kina mpira mwembamba wa mviringo unaozuia kuvuja. Huo mpira ukilowa petroli unavimba, na ukitaka kuurudisha unakuta umekuwa mrefu kuliko mfereji wake. Watu huukata kipande wakaunga, kisha kabureta inavuja maisha yake yote. Uanike tu mahali pakavu. Petroli ikishavukiza, mpira unarudi kipimo chake.

Kuna kabureta za kichina za kubadilisha nzima, na kwa injini zinazojulikana kama Honda GCV160 au GX160 hazina shida kupatikana. Kama ya kwako imeliwa na unga mweupe mpaka ina vishimo, usiisafishe mara ya tatu. Badilisha.

Plagi na cheche

Spana ya plagi ya 21 inatosha kwa mowa nyingi. Ichomoe plagi uitazame ncha. Ikiwa imelowa petroli, injini imefurika kwa kuvutwa choki ikiwa imefungwa. Ikaushe, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi ili petroli itoke, subiri dakika 10 au 15, rudisha, ujaribu bila choki. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta sana, petroli haifiki, rudi kwenye kabureta. Masizi meusi makavu yanaonyesha hewa haba. Weusi wenye mafuta ni oili inayopanda.

Cheche huonekana kivulini. Juani hutaona kitu na utailaumu plagi bure. Kwanza hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, na mashine umeiburura hatua kadhaa kutoka kwenye debe. Rudisha waya juu ya plagi, gusisha chuma chake kwenye chuma cha injini mbali na tundu, shika kwa koleo lenye mpira, mwenzako avute kamba huku chuma cha mkono kimebanwa. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Ya njano na dhaifu, au isiyokuwepo, jaribu plagi mpya kabla ya jambo lolote. Nafasi ya ncha ni karibu milimita 0.75 kwa Briggs na Honda za kawaida.

Usikubali fundi akufungie plagi ya pikipiki. Plagi ya mowa ina uzi wa milimita 14, wakati pikipiki nyingi za bodaboda hutumia ya 12 au 10. Isiposhika, watu huizungushia karatasi ya sigara au uzi wa katani mpaka ishike. Injini itatoa upepo pembeni na siku moja plagi itaruka.

Plagi mpya ikiwa haina cheche, kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili, inayotoa umeme wa cheche, kwenda kwenye breki ya kile chuma cha mkono. Kazi yake ni kuzima. Chumvi ikiula, au panya akiutafuna ukagusa chuma, unaizima mashine saa zote. Uchomoe kwa muda, ujaribu cheche tena. Ikitokea, koili ni nzima na tatizo ni huo waya. Urekebishe na uurudishe, maana bila huo huna namna ya kuizima mashine ikikushinda.

Bado hakuna? Fungua kifuniko cha juu, kile chenye kamba. Utaona flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina sumaku ubavuni na koili imekaa karibu nayo. Upepo wa kusi unapiga kutoka baharini miezi kadhaa mfululizo ukibeba chumvi, na kwa nyumba iliyo mstari wa kwanza wa ufuo, sumaku hiyo inavaa kutu nyekundu. Isugue kwa msasa laini pamoja na miguu ya koili. Ukiirudisha koili, acha mwanya wa unene wa kadi ya biashara kati yake na sumaku: ingiza kadi, isukume koili ikamate, kaza bolti, chomoa kadi. Ikikataa baada ya hapo, koili imekufa na haitengenezeki.

Ukiwa umekifungua kifuniko hicho, toa pia uchafu. Panya wa mnazini hupenda kuweka makumbi na nyuzi humo kwa sababu ni pakavu. Nyigu hujenga udongo kwenye tundu la eksozi, na injini isiyoweza kutoa moshi haivuti hewa mpya. Filta ya karatasi iliyojaa vumbi jekundu la kiangazi usiioshe kwa petroli. Ibadilishe. Ya sponji inaoshwa kwa sabuni na maji, inakaushwa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa.

Ikiwa ilizima kwa kishindo

Yote niliyosema yanahusu mashine iliyolala. Hadithi ni nyingine kabisa kwa ile iliyokuwa inakata vizuri, ikagonga kitu, ikazima, na tangu hapo haiwaki. Ardhi ya ukanda huu imekalia mawe ya matumbawe. Udongo wake ni wa kina kifupi, na kila masika mvua inaosha kidogo, jiwe lililokuwa chini mwaka jana linachungulia mwaka huu. Nyasi zimelificha. Kisu kinalikuta.

Watengenezaji walitarajia jambo hilo. Flaiwili imefungwa kwenye mhimili wa injini kwa kipande kidogo cha madini laini ambacho mafundi hukiita kii. Kisu kikisimama ghafla, kii inakubali kukatika ili mhimili usipinde. Tatizo ni kwamba mara nyingi haikatiki yote. Inasogea chini ya milimita moja tu. Flaiwili inabaki imekaza, kila kitu kinaonekana sawa, cheche ipo na ni ya buluu, petroli ipo, lakini cheche inakuja wakati usio wake. Dalili ni kamba inayorudishwa kwa nguvu na kukupiga mkono, mlipuko kwenye eksozi au kwenye kabureta, na kutowaka. Nimeona watu wakibadilisha kabureta mbili kwa ugonjwa huu.

Kwanza chomoa waya wa plagi, inamisha mashine nyuma plagi ikiwa juu, ukague kisu. Kama kimelegea, hicho pekee chaweza kuifanya mowa irudishe kamba, kwa sababu uzito wa kisu unasaidia kuzungusha injini. Kaza bolti yake sawasawa. Kisha fungua nati ya flaiwili, uchungulie kutoka juu: mfereji wa kwenye flaiwili na mfereji wa kwenye mhimili lazima itazamane barabara. Ikipishana hata kidogo, kii imekwenda. Flaiwili inavutwa kwa kifaa chake cha kuvutia. Usiipige nyundo pembeni, mapezi yake yanavunjika na sumaku inapasuka.

Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu wengi. Kii ya asili ikikosekana, wanachonga msumari. Unaingia vizuri, mashine inawaka, mwenyewe anafurahi. Siku kisu kikikutana na jiwe tena, msumari hautakatika, na kitakachopinda ni mhimili. Kii ni kitu cha bei ndogo, na mhimili uliopinda ni mwisho wa injini. Agiza ya asili hata kama itachukua wiki, na wakati huo huo zungukia uwanja na ndoo ya chokaa upake kila jiwe linalochungulia. Sehemu hizo kata kwa fyekeo.

Oili, na nguvu za silinda

Pima oili mashine ikiwa imesimama sawa. Mowa ya kawaida inachukua kiasi cha nusu lita na kidogo, na kwa joto letu oili ya SAE 30 inafaa mwaka mzima. Ikizidi inapanda hadi kwenye plagi na filta. Kama mtu aliilaza mashine kwa upande usiofaa, oili inaweza kujaa silinda hata kamba isivutike kabisa. Usiilazimishe. Chomoa plagi, vuta taratibu oili itoke, pangusa, badilisha filta. Wenye pampu za kumwagilia na jenereta zenye Honda GX wakumbuke kwamba nyingi zina kihisi kinachozima cheche oili ikipungua. Mkulima anafungua kabureta siku nzima kumbe injini inamwambia ana kiu ya oili.

Baada ya hayo yote kuna jambo moja limebaki. Chomoa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, vuta kamba. Upepo unatakiwa ukisukume kidole. Usipokisukuma, dondosha oili kijiko kimoja cha chai kwenye silinda, zungusha, pima tena. Nguvu zikirudi, ringi zimechoka. Zisiporudi, huenda vali imegandia wazi kwa kutu, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa mwaka mzima karibu na bahari. Hiyo sasa ni kazi ya fundi wa injini.

Ikiwaka na kuzima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi. Kikiwa na kitundu kilichoziba, tangi linashindwa kupumua na petroli inaacha kushuka. Ukilegeza ikaendelea, umemaliza.

Wanaotumia mashine ya kufyekea ya begani, ile ya Stihl na nduguze, wafuate njia hiyohiyo, ila petroli yake inachanganywa na oili ya injini za tu-stroki. Kwa oili ya Stihl yenyewe ni mililita 20 kwa kila lita, na kwa oili nyingine kampuni inataka mililita 40. Mchanganyiko huo nao unachacha. Ukitia petroli tupu itawaka vizuri sana, kisha itakwama, na hiyo haina dawa.

Ukifika kwa fundi, Kilifi, Gede au Malindi, usimwambie tu haiwaki. Mwambie ilizimwa lini, ilizima yenyewe au ilizimwa, iligonga nini, plagi ulikuta imelowa au kavu, na cheche uliiona au hukuiona. Hayo yatampunguzia nusu ya kazi, na yatakupunguzia malipo. Mwombe akurudishie vipuri vya zamani alivyovitoa. Na kabla ya kuipakia kwenye tuktuk, mwaga petroli yote, chomoa waya wa plagi, na uhakikishe imelala plagi ikiwa juu, wala usiipakie nyuma ya bodaboda.